Bakuli unalikereza kwa saa moja, mbona tunasubiri miezi?

Juzi nimerudishiwa bakuli la mbao lililopasuka, nililolikereza mwenyewe, yaani nililolichonga likizunguka kwenye kerezo, mashine ya kuzungusha mbao. Mama aliyelileta alilitoa kwenye mfuko taratibu, akaliweka mezani, akasema, "Fundi, umeniuzia kitu kibovu." Ufa ulianzia ukingoni ukateremka hadi karibu na kitako, kucha inaingia. Neno hilo limeniuma, na si yeye wa kwanza kulisema, kwa hiyo naomba nieleze.

Nilipolishika nilijua. Kitako kilikuwa kimeingia weusi na nyuzi zimesimama, ukipitisha kiganja zinakwaruza. Nikamuuliza huwa analiosha vipi. Huliloweka usiku kucha na vyombo vingine, asubuhi hulianika juani likauke upesi.

Kila bakuli lina pande mbili zinazotazamana ambapo nyuzi za mti zimekatwa vichwa. Hapo ni kama midomo ya mirija: maji huingia haraka kuliko sehemu nyingine yoyote. Likilala majini linavimba. Ukilitoa likiwa hivyo ukalitupa juani, ngozi ya nje inakauka na kutaka kunywea huku ndani bado kumevimba. Nje na ndani vinavutana mpaka mti unaachia. Ndani ya maikrowevu mambo ni hayohayo, ila huko huchukua dakika.

Mvutano huohuo ndio unaotufanya tuwachelewesheni. Kuna bwana aliniletea gogo la mti ulioanguka uani kwake, akataka bakuli lenye mfuniko ndani ya wiki moja. Nilimweleza, akasisitiza kwamba ameniona nikimaliza bakuli zima kwa muda wa saa moja. Nikakubali, na kukubali huko lilikuwa kosa langu. Lilitoka zuri, mfuniko umekaa sawasawa. Baada ya wiki sita akarudi amekasirika: mfuniko hauingii, duara limekuwa yai. Mbao mbichi hunywea kwa kufuata pete za mti karibu mara mbili ya inavyonywea kutoka kiini kuelekea gome, na kwa urefu wa nyuzi hainywei kitu cha kuonekana. Duara la mbao mbichi halibaki duara. Tangu siku hiyo kazi ya mbao mbichi haitoki hapa, hata mteja akiniwekea fedha zote mezani.

Tunachofanya ni hiki. Gogo tunalipasua katikati na kiini tunakitoa chote, kwa sababu nyufa nyingi huanzia hapo. Kisha tunalikereza mara ya kwanza, nene makusudi: ukuta uwe kama sehemu ya kumi ya kipenyo, yaani bakuli la sentimita 30 linaachiwa ukuta wa sentimita 3. Vichwa vya nyuzi vinapakwa nta visikauke mbele ya sehemu nyingine, bakuli linaingia kwenye mfuko wa karatasi, linawekwa kivulini. Kila baada ya muda nalipima kwenye mizani na kuandika uzito na tarehe kwa penseli kwenye kitako. Uzito ukiacha kushuka, limekauka. Kwa mengine ni miezi sita, kwa mengine mwaka. Hapo ndipo linarudi kwenye kerezo, nalinyoosha kwa bobari, patasi yenye mdomo uliopinda, hadi ukuta wa milimita 8 hivi, halafu msasa kuanzia namba 80 hadi 320. Kabla ya msasa wa mwisho nalilowanisha kidogo nyuzi zisimame, likikauka nazilaza tena kwa msasa. Nikiruka hatua hiyo, nyuzi zitasimama mara ya kwanza utakapoliosha, na utafikiri nimelipua kazi.

Kwa hiyo unaponiuliza bei, ile saa moja uliyoiona kwenye kerezo ni sehemu ndogo. Unalipia rafu, mizani na miezi. Unalipia pia mabakuli yaliyopasuka yakiwa rafuni, ambayo hukuyaona kwa sababu sikukuuzia.

Jambo jingine ni mafuta ya kupikia. Watu huyapaka kwa nia njema, bakuli ling'ae. Mafuta mengi ya jikoni hayagandi ndani ya mti. Yanabaki kunata, yanachacha, na harufu haitoki kwa sabuni. Limewahi kuletwa moja lililopakwa hivyo kwa mwaka mzima, ikabidi nikwangue ndani yote upya, likarudi kwa mwenyewe jembamba. Tumia mafuta safi ya mbegu za kitani yasiyochanganywa kemikali za kuharakisha ukavu. Haya huganda yakikutana na hewa. Paka kidogo, futa yanayobaki, acha siku kadhaa. Na kitambaa ulichotumia usikikunje ukakitupa pembeni: mafuta haya yakiganda hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka chenyewe. Kitandaze nje kikauke.

Kuosha hakuna ugumu: maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, futa papo hapo, lisimamishe kwa ubavu hewa ipite ndani na nje.

Bakuli la yule mama sasa liko rafu ya juu, kivulini, na uzito wake nimeuandika. Likitulia nitaujaza ufa kwa unga wa mti uleule na gundi, kisha nilirudishe kwenye kerezo. Nimemwambia itachukua miezi, na kwamba mstari wa ufa utabaki ukionekana. Amekubali kusubiri.