Samaki wa bahari wanakufa Moshi kwa kosa la bomba

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme neno kuhusu matangi ya samaki wa maji chumvi, ambayo siku hizi nayakuta kwenye sebule za watu na mapokezi ya hoteli hapa Moshi na Arusha. Samaki wakifa, lawama inakwenda kwenye baridi ya mlima, au kwenye chakula, au mtu anasema kiumbe wa bahari hawezi kuishi zaidi ya kilomita 300 kutoka pwani. Mimi ni fundi bomba, mzaliwa wa Tanga, na nimefanya kazi Moshi tangu 1998. Katika matangi niliyoitwa kuyaangalia, kosa nililolikuta mara nyingi zaidi liko kwenye bomba.

Mwaka jana mwezi wa Julai mama mmoja, mwalimu mstaafu wa Shanty Town, alinipigia simu kabla hakujapambazuka. Nikamwamkia. "Marahaba mwanangu," akasema, "njoo na ndoo, na uje na mtu wa kukusaidia kuinua zulia."

Nilikuta zulia limelowa kuanzia kwenye kabati la tangi hadi mlango wa jikoni. Tangi lenyewe ni la kioo, urefu sentimita 120, upana 60, kina 55, yaani karibu lita 400. Chini yake, ndani ya kabati, kuna tangi dogo la lita 70: maji yanamwagikia humo kutoka juu, yanachujwa, yanapashwa moto na hita, kisha pampu inayarudisha juu. Mpango huo ni mzuri. Tatizo ni kwamba mdomo wa bomba la kurudisha ulizamishwa sentimita 15 chini ya uso wa maji, ili usionekane.

Umeme ulikatika saa nane usiku. Yeyote aliyewahi kunyonya petroli kwa mpira anajua kilichofuata. Pampu ikanyamaza, lakini bomba lilikuwa limejaa maji na mdomo wake uko chini ya maji, basi likaanza kuyavuta kurudi chini. Halikuacha mpaka maji ya juu yaliposhuka chini ya mdomo na bomba likameza hewa. Kila sentimita moja ya maji kwenye tangi lile ni lita 7.2. Sentimita 15 ni lita 108. Tangi dogo lilikuwa na nafasi ya lita 35 tu. Lita 73 zilizobaki zikaenda sakafuni, na kwa kuwa maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa kila lita, zulia la mama lilikunywa kilo mbili na nusu za chumvi kwa usiku mmoja.

Umeme uliporudi ndipo mambo yalipoharibika zaidi. Pampu ikayapandisha yale maji ya tangi dogo yote, nayo hayakutosha kulijaza la juu mpaka yaanze tena kumwagika chini. Tangi dogo likakauka. Pampu ikazunguka bila maji hadi ikaungua, na hita ikapasuka. Kulipokucha yule samaki kangaja wa buluu mwenye pezi la manjano, ambaye mama alikuwa akimwonyesha kila mgeni, alikuwa amelala ubavu chini. Wale wadogo wa rangi ya chungwa walikuwa wanahema juu kabisa, midomo nje.

Mama aliniuliza, "Si waliniambia kuna valvu ya kuzuia maji kurudi?" Kweli ilikuwepo. Niliifungua mbele yake. Chini ya ulimi wake kulikuwa na kipande cha gamba la konokono, hakizidi punje ya mchele, kimeuzuia usifunge. Kwenye maji chumvi valvu ya namna hiyo usiitegemee peke yake hata siku moja.

Dawa yake ni ndogo mno. Nilipandisha mdomo wa bomba hadi sentimita 2 chini ya uso wa maji, kisha nikatoboa tundu la milimita 6 kwenye bomba hilo hilo, chini kidogo tu ya uso. Umeme ukikatika, maji yakishuka kidogo tundu linaachwa wazi, linavuta hewa, mvuto unakatika. Hata tundu likiziba, kitakachoshuka ni lita 14 na ushee, ambazo tangi la chini linazimudu. Tundu lisafishwe kwa kijiti kila wiki, kwa sababu mwani na chumvi hulipenda. Nikachora mstari kwa kalamu ya wino mzito kwenye tangi la chini: ukiongeza maji, usipite hapa.

Jambo la pili ni upana wa bomba. Pampu mpya iliandikwa lita 3,000 kwa saa. Nikaifunga kwenye bomba la zamani la nusu inchi lenye elbo (viungo vya kona) sita, nikapima kwa ndoo ya lita 10 na saa ya simu. Ilijaa kwa sekunde 40, yaani lita 900 kwa saa. Namba ya kwenye boksi ni ya pampu isiyopandisha maji popote. Kila elbo inapunguza, na kila sentimita ya kupanda inapunguza. Nikaweka bomba la inchi moja, nikatoa zile elbo na kuweka mikunjo miwili ya nyuzi 45. Ndoo ikajaa kwa sekunde 20. Pampu ni ile ile, umeme ni ule ule.

Koki ya shaba iliyokuwa katikati ya njia nayo niliitupa. Mafundi wenzangu, tumezoea koki za shaba kwa maji ya kunywa na ni nzuri, lakini kwenye maji chumvi shaba inaachia sumu inayoua kamba, konokono na matumbawe. Humo ni plastiki tupu.

Kwa nini nasisitiza maji yatembee? Maji chumvi hubeba hewa ya oksijeni pungufu kuliko maji yasiyo na chumvi, pungufu kwa karibu moja ya tano. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na huko juu hewa ni nyepesi, basi oksijeni inayoingia majini inapungua zaidi. Samaki wetu wa milimani hawana akiba ya kuvumilia maji yaliyolala. Wavuvi wa kwetu Tanga wana siku wanazoziita za maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo tu. Hata siku hizo haisimami. Kwa hiyo ndani ya tangi la mama tuliongeza pampu mbili ndogo za kusukuma mkondo, zinatazamana kidogo ili mikondo igongane na uso wa maji ucheze. Zote pamoja zinasukuma zaidi ya lita 4,000 kwa saa, mara kumi ya ujazo wa tangi. Kwa mwenye matumbawe hata mara ishirini si nyingi. Pampu ya hewa ya betri iko kabatini, tayari kwa umeme kukatika.

Ombi langu kwa wanaouza na kufunga matangi haya: kabla hamjapokea malipo, chomoeni waya wa pampu mbele ya mteja na msubiri dakika kumi, kisha muuchomeke tena na msubiri nyingine kumi. Mteja naye asitoe hela kabla hajaliona hilo kwa macho yake. Mama wa Shanty Town hakuonyeshwa, na akapoteza samaki aliyemlea miaka miwili.

Nimeambatanisha mchoro wa kalamu wa bomba la kurudisha. Ukipata nafasi ya kuuchapa, Mhariri, tafadhali lile tundu la milimita 6 liwekewe mshale, maana ndilo fundi mwenye haraka atakaloliruka.

Fundi bomba,
Pasua, Moshi