Kwa Mwalimu Mwenzangu wa Songea, Juu ya Kusoma na Ujira

Mbagala, Dar es Salaam
14 Februari 2026

Mwalimu mwenzangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia kwamba shemeji amepona na watoto wamerudi shuleni. Sisi huku hatujambo. Umeniandikia mengi, lakini lililonikaa rohoni ni ule msemo ulioutumia, kwamba ukitaka kumficha Mtanzania jambo uliandike kitabuni. Naona msemo huo unatuonea, na unawaonea zaidi watoto tunaowafundisha.

Ukipita kituo cha daladala cha Rangi Tatu asubuhi utawakuta watu wamesimama mbele ya meza ya magazeti, wakisoma kila mstari wa ukurasa wa mbele unaoweza kusomeka bila kulipa, kisha wakibishana juu ya walichokisoma mpaka gari linapojaa. Hao si watu wasiopenda kusoma. Wanasoma kile ambacho mfuko na muda vinawaruhusu.

Darasani hali ni hiyo hiyo, na hapa niruhusu nieleze kwa urefu, maana wewe unafundisha Historia na huenda hukutani nayo kila siku. Vitabu teule vya Kiswahili tunavyo nakala chache, nazo hukaa ndani ya kabati lenye kufuli kwa sababu nakala ikipotea anayeulizwa ni mwalimu. Mwanafunzi wa kidato cha nne, badala ya riwaya, hununua stesheneri kijitabu cha uchambuzi kilichokwisha kumpangia dhamira, wahusika na hoja tatu za kila kitabu, jinsi mtihani unavyozitaka. Anazikariri, anafaulu, na anamaliza shule bila kuisoma riwaya nzima hata moja. Mimi simlaumu, kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha kwamba ndani ya kitabu chenyewe mna kitu ambacho uchambuzi hauna. Wa kumwonyesha ni mwalimu aliyekisoma kitabu hicho akakipenda, anayeweza kuwasomea wanafunzi kwa sauti kurasa mbili tu, akanyamaza, na darasa zima likadai kujua kilichofuata. Nimeliona jambo hilo likitokea katika darasa lililosongamana, saa nane mchana, kwenye joto hili la kwetu. Lakini linahitaji mwalimu ambaye naye anasoma, na ili asome anahitaji jioni iliyo yake.

Jioni hiyo imeuzwa. Wenzangu wengi wakitoka shuleni huingia kwenye tuisheni mpaka usiku. Mmoja anaendesha bodaboda, mwingine ana genge la mboga, na madaftari ya kusahihisha yanasubiri wote walale. Chukua hati ya mshahara ya mwalimu kijana mwenye shahada uisome pamoja nami. Bodi ya Mikopo inachukua 15%, mfuko wa hifadhi ya jamii 5%, bima ya afya 3%, na chama chetu cha walimu 2%. Hiyo ni robo nzima ya mshahara wa msingi, nayo kodi ya mapato bado. Kila kato lina sababu yake, na sidai kwamba mkopo wa elimu usirudishwe. Nasema tu kwamba kinachobaki ndicho kinacholipa pango, nauli na ada ndogondogo za mji huu ambao kila kitu chake hununuliwa, hata maji.

Ndipo inapoingia mikopo ya kausha damu, ile ya mitaani yenye riba kubwa. Utaratibu wa utumishi unataka mtumishi abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato, lakini mkopeshaji wa mtaani anaichukua kadi ya benki pamoja na namba ya siri, na hesabu yake haionekani kwenye hati yoyote. Mwalimu aliyefika hapo huwezi kumshauri anunue riwaya.

Mwaka jana wengi walitupongeza kwa nyongeza ya 35.1% iliyotangazwa Mei Mosi. Niliifurahia kwa dhati, kwa sababu kima cha chini cha mtumishi wa umma kupanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 ni nafuu ya kweli kwa mhudumu wa ofisi. Lakini asilimia ile ilikuwa ya kima cha chini, na jirani anayedhani mshahara wa kila mwalimu ulipanda kwa kiwango hicho anastahili kuelezwa. Kwangu mimi, dai lililo karibu zaidi na haki ni lile la posho ya kufundishia, tulilolisimamia katika mgomo wa Julai 2012 kabla Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, haijauzuia. Posho ile ingetambua kwamba kuandaa somo, kusahihisha na kusoma ni kazi, wala si hisani ambayo mwalimu anaitoa baada ya saa za kazi kwisha.

Najua utaniambia kwamba wapo wanaolipwa vizuri na hawagusi kitabu. Wapo. Mshahara pekee haumfanyi mtu kuwa msomaji, na vyuo vyetu navyo vina lao la kujibu, kwa kuwa hata pale chuo cha ualimu cha Chang'ombe wengi wetu tulisoma kwa ajili ya mtihani. Lakini sijapata kumwona mtu mwenye deni na uchovu akageuzwa kuwa msomaji kwa kuhubiriwa. Maktaba Kuu iliyofunguliwa tarehe 9 Desemba 1967 ipo pale pale mjini, na kutoka Mbagala ni nauli ya kwenda na kurudi tu. Mwalimu anayefundisha tuisheni hata Jumamosi ataifikia lini?

Mwezi ujao tawi letu la chama lina mkutano, nami nitaomba hoja ya muda wa mwalimu kusoma ijadiliwe pamoja na hoja ya posho, zisitenganishwe. Nisaidie jambo moja: niandikie jinsi hali ilivyo huko kwenu, walimu wanafanya nini baada ya kengele ya mwisho, na kabati la vitabu liko wazi au limefungwa. Ningependa barua yako inifikie kabla ya mkutano ili nisizungumzie Dar es Salaam peke yake.

Msalimie shemeji na watoto.

Wako,
Mwalimu mwenzako wa Mbagala