Marekani si jora moja

Mhariri,

Makala yenu ya Jumamosi iliyopita kuhusu vijana wetu wanaokwenda Marekani nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Mwandishi amesema kweli juu ya bei ya tikiti, na juu ya baridi amesema kweli zaidi. Lakini kuna sentensi moja imenikwama kooni kama mwiba wa changu: ati Marekani ina wenyewe walioijenga tangu zama, na wenyewe hao sasa wamechoshwa na wageni. Wenyewe gani? Tena wa jimbo gani?

Mimi ni fundi cherehani hapa Kibokoni, mwaka wa arobaini na moja kwenye baraza ile ile. Marehemu babangu alikuwa mshona matanga Bandari ya Kale, enzi ambazo kaskazi ikivuma pale hapana pa kutia mguu kwa majahazi. Kitambaa alichoshonea tulikiita merikani. Vijana huenda hawakijui. Ni pamba tupu, nzito, haikupaushwa, rangi yake kama maziwa yaliyolala. Ikiwa mpya inakwaruza kiganja. Ukiifua mara tatu nne inalegea, na hapo ndipo inapofaa kutiwa sindano, maana ukiishona kabla ya kuifua itakurudi na mshono wote utajikunja. Hata leo ukiingia Mtaa wa Biashara ukauliza merikani utapimiwa, ila imefumwa Pakistani au India. Jina limebaki, kitambaa chenyewe kimebadili uraia.

Miaka yote hiyo nilidhani merikani ni ya "Marekani" basi, nchi nzima, kama adhanivyo mwandishi wenu. Mpaka mpwa wangu, anayefanya kazi ya kuwatunza wazee katika mji wa Lowell, jimbo la Massachusetts, aliponialika miezi ya kiangazi. Wakenya huko ni wengi, chai ya tangawizi sikuikosa hata siku moja. Asubuhi moja akanipakia garini tukaenda Salem, pwani, mwendo usiofika mbali.

"Mjomba," akaniambia, "ile merikani ya babu ilitoka hapa."

Salem ni salama, neno lile lile la Dar es Salaam, Waingereza wamelichota kwenye Biblia yao. Kabla hawajahamia hapo mwaka 1626 pahala pale paliitwa Naumkeag, na wenyeji wake walikuwa wameshapungua sana kwa maradhi yaliyofika na meli za Wazungu. Manahodha wa mji huo ndio waliotuzoea sisi. Mwaka 1833 Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said, sultani wa Omani na Unguja, na balozi mdogo wa kwanza wa Marekani kukaa Unguja, Richard Waters, aliyefika mwaka 1837, alikuwa mtu wa Salem. Walileta merikani kwa majora, wakarudi na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Kitambaa kikashuka Unguja na Mombasa, kikapanda bara mabegani mwa wapagazi, kikawa ndiyo fedha: ukitaka chakula njiani unakata merikani, ukitaka ruhusa ya kupita unakata merikani. Biashara ilivyonoga, katika miaka ya 1840 watu wa Salem wakajenga kiwanda chao cha kufuma kwa nguvu za mvuke, karibu na maji, wakakiita Naumkeag. Wenyeji wameondoka, jina lao likatundikwa mlangoni pa kiwanda.

Majengo ya kiwanda hicho yapo hadi leo, marefu, madirisha tele, yamekodishwa kwa maofisi. Ubavuni mwake kuna mtaa mmoja mdogo wanauita The Point, na ni mtaa huo, Mhariri, ulionifanya nishike kalamu. Mle waliwahi kujaa Wakatoliki waliohama Quebec, Canada, wanasema Kifaransa nyumbani, wanafuma merikani kiwandani. Tarehe 25 Juni 1914 moto ulianzia kwenye kiwanda cha ngozi upande wa pili wa mji, ukala majengo zaidi ya 1,300, pamoja na mtaa ule na kiwanda chenyewe. Wakajenga upya. Wapolandi nao walikuwa na sehemu zao hapo hapo mjini. Mwaka 1953 kampuni ikafunga Salem ikahamia South Carolina, ambako ujira ulikuwa wa chini, na watoto wa wafumaji wakatawanyika. Walioingia baadaye katika zile nyumba ni watu wa Jamhuri ya Dominika. Nimepita mwenyewe: Kihispania dirishani, muziki barazani, mama mmoja anachagua ndizi mbichi kwa kuzibonyeza kama wafanyavyo mama zetu Kongowea. Nikamwuliza mpwa wangu, hapa mwenyewe nani? Akacheka tu.

Lowell anakokaa yeye ni kisa hicho hicho kwa mapana. Mifereji ya kuendesha viwanda ilichimbwa na Waayalandi kuanzia mwaka 1822. Mashine za kwanza zilishikwa na wasichana wa mashambani, Waprotestanti, mabinti wa wakulima wa majimbo ya jirani. Mwaka 1834 walipopunguziwa ujira waligoma, wakatoka barabarani. Baadaye wakaja Waayalandi wengine waliokimbia njaa, halafu watu wa Quebec, Wagiriki, Wareno, Wapolandi. Viwanda vilipokwisha kufa ndipo wakaja Wakambodia waliokimbia mauaji ya nchini mwao, na Januari 2022 mmoja wao, Sokhary Chau, akaapishwa kuwa meya wa mji. Wakenya ni wa juzi, tumo mwishoni mwa foleni.

Na mtu asidhani kila kundi lilipokewa kwa maji ya waridi. Mwaka 1834 kundi la wahuni lilichoma nyumba ya watawa wa Kikatoliki Charlestown, karibu na Boston. Mwaka 1854 chama ambacho hoja yake kubwa ilikuwa kuwapinga wageni, hasa Waayalandi Wakatoliki, kilinyakua ugavana wa Massachusetts na karibu viti vyote vya bunge la jimbo. Waayalandi hao hao leo wajukuu zao ndio wanaohesabiwa kuwa wenyewe. John F. Kennedy, rais, mababu wa baba yake na wa mama yake walikuwa Waayalandi waliohamia jimbo hilo, na ni wakfu wa familia yake uliotoa dola 100,000 mwaka 1960 kusaidia zile ndege za Tom Mboya zilizowapeleka wanafunzi wetu kusoma Marekani. Hilo wazee wenzangu wanalikumbuka, mwandishi wenu sijui.

Sasa hebu tuligeuze jora upande wa pili. Massachusetts haioti pamba, kuna theluji. Pamba ilitoka kusini, na huko watu hawakufika kwa njia ya Salem hata kidogo. Chukua Mississippi. Ardhi ilikuwa ya Wachoctaw na Wachickasaw. Wachoctaw walilazimishwa mkataba mwaka 1830, Wachickasaw mwaka 1832, wakahamishwa kwenda magharibi, kwenye nchi ambayo sasa ni jimbo la Oklahoma, na wengi walikufa njiani. Mashamba yakafunguliwa. Kuleta watumwa kutoka ng'ambo kulikuwa kumepigwa marufuku tangu 1808, kwa hiyo matajiri wakawanunua waliozaliwa Virginia na Maryland, wakawaswaga kwa miguu, wamefungwa minyororo wawili wawili, au wakawapakia melini hadi New Orleans. Natchez palikuwa na soko lao. Hesabu ya watu ya mwaka 1860 ilikuta Mississippi ina watu wapatao 791,000, na kati yao 436,000 ni watumwa. Zaidi ya nusu ya jimbo! Hao nao walihamia, kama neno ni kuhama.

Sisi wa pwani tusijifanye watakatifu, maana mashamba ya Malindi na Takaungu nayo yalilimwa na nani? Ila nimeshona kitambaa hicho tangu utotoni, nikivuta uzi kwa meno, na hakuna aliyeniambia kwamba pamba yake huenda ilichumwa na mtu aliyeuzwa, ikasokotwa na binti wa mkulima au Mwayalandi mwenye njaa, kwenye mashine iliyosimama juu ya ardhi ya mtu wa tatu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka huko Marekani 1861 pamba ikakatika, merikani ikaadimika Unguja na Mombasa, vitambaa vya Bombay na Uingereza vikapata mwanya. Jora moja, majimbo mawili, na wakaaji wa majimbo hayo hawakufanana kwa lolote. Unawaitaje wote "Wamarekani asilia" kwa mkupuo?

La Minnesota nitalisema kwa ufupi, ingawa linatugusa zaidi. Wenye umri wangu wanakumbuka kambi ya wakimbizi wa Kisomali Utange, mapema miaka ya 1990. Nilikata sare za madrasa kwa watoto wa kule, malipo nusu fedha nusu dua. Katika kambi hiyo hapa Mombasa alikulia kwa miaka kadhaa mtoto aliyekuja kuchaguliwa mwaka 2018 kuingia Bunge la Marekani kutoka Minneapolis, Ilhan Omar. Watu husema Wasomali wamevamia jimbo la Waswidi na Wanorwe. Lakini Waswidi wenyewe waliitwa! Minnesota iliingia katika Muungano mwaka 1858, na mwaka 1867 serikali ya jimbo ikaunda bodi ya kutafuta wahamiaji, katibu wake Mswidi, Hans Mattson, na vijitabu vikachapishwa kwa lugha zao kuwasifia udongo na maziwa ya maji. Udongo wa nani? Wa Wadakota, waliosainishwa mikataba ya 1851, wakacheleweshewa malipo hadi wakapata njaa, wakapigana 1862, na tarehe 26 Desemba mwaka huo wanaume 38 wakanyongwa kwa siku moja mjini Mankato. Waliobaki wakafukuzwa jimboni. Mtaa wa Cedar-Riverside wa Minneapolis, ambao zamani ulikuwa wa Waskandinavia wapya, sasa ndio wa Wasomali. Mtaa ule ule.

Kwa nini fundi cherehani ajitie katika haya? Kwa sababu mpwa wangu mwingine, mdogo wake yule wa Lowell, mwaka jana alimpa wakala mmoja hapa mjini shilingi 80,000, aahidiwe kazi "Marekani". Aliniletea suruali ya kwenda nayo nimpunguzie kiuno. Nikamwuliza, jimbo gani? Hajui. Tukampigia wakala, nikamwuliza mimi mwenyewe.

"Mzee, Marekani ni Marekani," akanijibu.

"Basi nipeleke Alaska na hii suruali ya pamba," nikamwambia.

Akakata simu, na baada ya wiki hiyo haikupatikana tena. Suruali iko kwangu mpaka leo, imekunjwa rafuni, kijana ameona haya kuja kuichukua. Sisemi kwamba angeuliza jimbo angeokoka, matapeli wana majibu ya kila swali. Lakini anayejua Lowell kuna Wakenya, anajua atamwuliza nani. Anayejua Marshall, kule Minnesota, Wasomali walifuata kazi ya kiwanda cha nyama ya bata mzinga, anajua huko watu wanaenda kufanya nini na mikono yao itanuka nini. Anayeambiwa "Marekani" hajaambiwa kitu.

Ombi langu ni dogo. Mnapoandika habari za huko, taja jimbo kabla ya kutaja nchi, na mkisema "wenyeji" msimame kidogo mfikiri ni wepi. Hapa kwetu mtu akiandika "Mkenya" tunamwuliza wa wapi, mkaazi wa Lamu na wa Turkana hatuwachanganyi. Na kama mwandishi wenu ana nafasi, apite Kibokoni siku yoyote isipokuwa Ijumaa mchana. Ninacho kipande cha merikani ya babangu, kama wari moja na nusu, kilichobaki kwenye tanga la jahazi lililovunjwa. Nitamwachia akishike. Asikivute sana tu, pindo limeanza kuoza.

Babu Fundi,
Kibokoni, Mombasa