Wenzake wanapokea mshahara, mwanangu anaambiwa amepata pa kushinda

Anti,

Naomba kwanza uniambie: mtu akishona kola za mashati kutoka asubuhi mpaka jioni, na mashati yale yakauzwa, hiyo ni kazi au siyo kazi? Maana mimi nimeambiwa siyo kazi. Msimamizi alinitamkia usoni, tena kwa upole kama mtu anayetoa pole msibani, "Mama, mshukuru Mungu, kijana amepata pa kushinda." Tangu hapo usingizi sina. Hata hii barua naiandika usiku, wenzangu ndani wamelala.

Mwanangu ni kiziwi. Si mgonjwa wala si mvivu. Alisoma Buguruni, shule ya viziwi, kisha VETA, chuo cha ufundi, akasomea ushonaji pamoja na wanaosikia. Watu walinishauri nimpeleke Yombo, kwenye chuo cha watu wenye ulemavu, na sisemi Yombo ni pabaya, ila mwenyewe alitaka VETA. Mkalimani hakuwepo. Alikuwa anaangalia mikono ya mwalimu, jioni ananakili daftari la mwenzake, na cheti akapata. Naeleza yote haya kwa sababu najua kuna watakaosoma waseme mama huyu amemdekeza mtoto.

Kile kiwanda alitafutiwa na mjomba wake. Makubaliano yalikuwa mafunzo kazini miezi sita kwa nauli na chakula cha mchana, halafu mkataba. Aliingia na wenzake wa chuo. Miezi sita ilipokwisha wale wanaosikia wakapewa mikataba, yeye akaambiwa aendelee kujifunza kidogo. Anajifunza nini, Anti? Msimu wa sare za shule, shule zinakaribia kufunguliwa Januari, aliyekuwa anabakizwa mpaka usiku ni yeye, kwa sababu mkono wake mwepesi na kola zake hazirudishwi. Wasichana wapya wanakalishwa pembeni yake waone anavyofanya. Wengine wanachokonoa ncha ya kola kwa mkasi mpaka inatoboka. Yeye anapitisha uzi kwenye kona kabla ya kufunga mshono, anageuza kitambaa, anavuta ule uzi, na ncha inatoka imechongoka. Wale wasichana wameajiriwa. Anayewafundisha ndiye mwanafunzi.

Siku ya mshahara meseji zinaingia, wote wanashika simu. Ananiambia kwa mikono yake kwamba siku hiyo simu anaiacha ndani ya begi, asionekane anasubiri. Jioni anaitwa ofisini, anasaini karatasi ya nauli, anapewa bahasha.

Halafu walimpiga picha. Walikuja wageni, akawekwa mbele kwenye cherehani, amevaa fulana ya kampuni, na picha ikabandikwa pale mapokezi. Kijana wa jirani yangu anayesomea sheria ndiye alinifungua macho. Kuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, mwajiri mwenye watumishi 20 na kuendelea anatakiwa asilimia 3 wawe watu wenye ulemavu. Kumbe ndiyo maana! Wakija wakaguzi ni mfanyakazi, siku ya mshahara ni mwanafunzi. Na nilipokwenda kuuliza, kwa adabu kabisa, sikupiga kelele kama anavyosema mjomba wake, ndipo nikapewa hilo la pa kushinda.

Mimi si mtu wa tamaa. Sijamlea huyu mtoto nije nimfanye mtaji. Hata wangempa kidogo, mradi kiandikwe mshahara na jina lake liwe kwenye orodha na wenzake, na wamkatie NSSF kama wengine, ningenyamaza. Lakini pia nisikudanganye, hela yenyewe inahitajika. Kodi ya nyumba inadaiwa, na yeye ana umri wa kujitegemea. Atamwambia nini binti wa watu, kwamba anapewa nauli?

Mjomba anasema nikienda mbele nitamvunjia heshima, yule mkurugenzi ni rafiki yake. Anasema nje kuna vijana wazima wana digrii na hawana kazi. Hilo nalijua. Lakini hao wenye digrii hawashoni mashati ya mtu bure wakaambiwa wamshukuru Mungu. Kijana wa jirani anasema nipeleke shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kwamba madai ya namna hii yana siku 60, nisikae. Anasema hata Sheria ya Ajira ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mtu kazini kwa ulemavu. Lakini sina karatasi. Makubaliano yalikuwa ya mdomo, na aliyekuwepo ni mjomba, ambaye sasa hataki kusikia.

Yeye na marafiki zake viziwi wameshaanza kuzungumzia kikundi, waombe mkopo wa halmashauri usio na riba, ule wa asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambayo ndani yake watu wenye ulemavu wametengewa 2. Uliwahi kusimamishwa mwaka 2023, ukarudishwa 2024. Wanataka cherehani zao. Mimi nimemwambia asithubutu, mkopo ni mkopo, na akiondoka pale si atakuwa amewaachia haki yake? Abaki mpaka wamwajiri. Halafu nikimwona anatoka alfajiri kuwahi daladala, natamani nimshike shati nimwambie leo usiende, wala kesho, wakashone wenyewe.

Jambo lililonifanya niandike ni hili. Jana amenionyesha simu yake. Kumbe amemwandikia meneja mwenyewe, bila kuniambia, na ameitwa kikaoni Jumatatu. Anakwenda na rafiki yake wa CHAVITA, chama cha viziwi, na mkalimani. Nikamwambia nami nitakuja. Akakataa. Akasema, "Mama, ukija wewe, wataongea na wewe." Nikamwambia hao watu siyo wa kuwaamini, watamsainisha kitu. Akasema kusoma anajua.

Tangu Buguruni kila ofisi nimeingia naye mimi. Hospitali, shule, kitambulisho cha taifa, kote. Sikujipendekeza, hakuna aliyekuwa tayari kumsikiliza. Leo naambiwa nibaki nyumbani, na yule msimamizi aliyesema mwanangu amepata pa kushinda atakuwa amekaa kwenye kiti chake, na mimi sipo kumjibu. Mkalimani atatafsiri maneno, lakini yale niliyoambiwa mimi nani atayasema?

Mdogo wangu anasema mtoto amekua, nimwache. Sijamzuia kukua. Nani amesema nimemzuia?

Anti, Jumatatu niende nisimame hata nje ya geti, au nibaki? Na wakimpa karatasi asaini pale pale, ni haki yake kuichukua kwanza nyumbani? Nijibu mapema. Jina la kiwanda sijaliandika na jina langu usilitoe, mjomba wake anakusoma.

Mama wa Mbagala