Familia ya mgonjwa ipewe namba ya kupiga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na wanaosimamia hospitali, pamoja na familia zilizopitia tuliyoyapitia sisi, kuhusu jambo moja tu: haki ya ndugu wa mgonjwa kuomba jopo jingine la madaktari lije kumtazama mgonjwa wao bila kuchelewa, pale wanapoona hali inabadilika na walio zamu hawaoni hivyo.

Mama yangu alilazwa kwa upasuaji tulioambiwa ni wa kawaida, na siku mbili za mwanzo aliendelea vizuri. Usiku wa tatu akaanza kuniita kwa jina la marehemu kaka yake. Mikono yake ilikuwa ya baridi ilhali kifua kilikuwa kikipanda na kushuka kama cha mtu aliyetoka kukimbia, na mfuko wa mkojo uliokuwa ukining'inia ubavuni mwa kitanda haukuwa umeongezeka chochote tangu jioni. Nilimweleza muuguzi, akanijibu kuwa ni dawa zinamchanganya na zitamtoka taratibu. Nilirudi kwake baada ya saa moja, kisha mara nyingine tena, ndipo nikaombwa nimwache mgonjwa apumzike. Simdhanii nia mbaya, maana alikuwa peke yake na wodi nzima ikimtegemea; ila mimi nilikuwa nimemjua mama kwa miaka arobaini, naye alikuwa amemjua kwa saa nne. Daktari alifika asubuhi, na kabla ya adhuhuri mama alikuwa katika chumba cha wagonjwa mahututi kwa sepsisi, yaani hali ambayo mwili, katika kupambana na maambukizi, hugeuka na kuanza kuharibu viungo vyake wenyewe. Yu hai, namshukuru Mungu, lakini alirudi nyumbani baada ya wiki saba akiwa amekatwa vidole vinne vya mguu, na figo zake hazijarejea hali yake ya zamani.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma habari za familia nyingine, na imeniuma kuona jinsi visa vyao vinavyofanana na chetu. Katika jimbo la Queensland nchini Australia, mtoto Ryan Saunders alifariki mwaka 2007 kabla ya kutimiza miaka mitatu, kwa maambukizi yaliyochelewa kutambuliwa, ingawa wazazi wake walikuwa wakisema kwamba hali yake inazidi kuwa mbaya. Kutokana na kifo hicho, mwaka 2013 hospitali za serikali za jimbo hilo zilianza kufuata Kanuni ya Ryan: ndugu huzungumza kwanza na muuguzi au daktari, kisha na muuguzi mkuu wa zamu, na wasiporidhika hupiga namba maalumu ya simu na mgonjwa hufanyiwa uchunguzi upya. Huko New York, baada ya Rory Staunton kufariki mwaka 2012 akiwa na miaka 12, hospitali zililazimishwa kuwa na utaratibu wa kuitambua na kuitibu sepsisi mapema, na watafiti waliofuatilia wakakuta vifo vimepungua kuliko katika majimbo waliyoyalinganisha nayo.

Kisa kilichonigusa zaidi ni cha Martha Mills wa Uingereza. Aliumia kongosho alipoanguka na baiskeli, akafariki kwa sepsisi mwaka 2021, siku chache kabla ya kutimiza miaka 14, na uchunguzi wa kisheria wa kifo chake ulieleza kuwa yaelekea angepona kama angehamishiwa mapema katika chumba cha wagonjwa mahututi. Mama yake, Merope Mills, ni mhariri wa gazeti; aliandika yaliyompata, nchi nzima ikasoma, na kuanzia mwaka 2024 Kanuni ya Martha, inayowapa ndugu haki ya kuita jopo jingine, ikaanza kutumika katika hospitali za England. Wengi wetu hatuna gazeti, Mhariri, na ndiyo sababu nakuandikia wewe.

Najua madaktari wana hofu kwamba ndugu watapiga simu kwa kila kikohozi na kuwachosha watu ambao tayari wamechoka. Hofu hiyo ina msingi. Lakini simu hiyo haimwongezei kazi muuguzi aliyezidiwa. Huenda kwa jopo jingine lenye ujuzi wa wagonjwa mahututi, na chini ya Kanuni ya Martha muuguzi mwenyewe anaweza kuliita anapoona wakubwa wake hawamsikilizi. Tena kanuni hiyo inataka mgonjwa au ndugu yake aulizwe kila siku kama anaona hali inaimarika au inadhoofika, na jibu liandikwe. Swali hilo halihitaji mashine wala dawa. Laiti ningeulizwa usiku ule, jina la mjomba wangu lingeandikwa katika faili la mama kama dalili, maana kuchanganyikiwa kwa ghafla ni mojawapo ya dalili za sepsisi.

Familia kumi na moja tumeandika barua kwa uongozi wa hospitali aliyolazwa mama, tukiomba mambo mawili: namba ya simu ibandikwe ukutani juu ya kila kitanda, na swali hilo liulizwe kila asubuhi na kila jioni. Mama ndiye aliyetia sahihi ya kwanza. Huu ni mwezi wa tatu tangu tuipeleke, na bado hatujajibiwa.

Msomaji wako.