Mkimhoji mshindi wa TV, muulizeni ana nyimbo ngapi

Ndugu Mhariri,

Salaam. Mimi ni mpiga kinanda, miaka mingi sasa napiga bendi, harusi, hoteli, kipaimara, popote wanaponiita naenda na kinanda changu begani, na gazeti lenu nalisoma kuanzia nyuma kwenye michezo na burudani alafu ndo narudi mbele kwenye siasa kama muda upo. Naandika kwa sababu ya zile habari zenu za washindi wa mashindano ya kuimba kwenye TV. Kila msimu ni ile ile, picha ya kijana kashika hundi kubwa kama mlango, analia, mama yake analia, mwandishi wenu anamuuliza hela utazifanyia nini, kijana anajibu atamjengea mama nyumba. Baada ya hapo kimya. Mwaka ukipita mnaandika tena "yuko wapi fulani?" kama vile kapotea porini, na watu wanajijibu wenyewe, eti kalewa sifa, kachezea hela, karogwa.

Mimi nasema alikua hana wimbo. Basi.

Ngoja nieleze nilichokiona kwa macho yangu. Mtoto wa dada yangu aliingia kwenye shindano moja la TV, silitaji maana sitaki kesi na mtu, akafika mpaka kwenye wale wa mwisho mwisho. Sauti anayo, hilo halina ubishi, kakulia kwenye kwaya. Siku ya usaili tulifika saa kumi na moja alfajiri tukakuta foleni ishazunguka ukuta, vijana wamekalia maboksi, kila mtu anajaribu sauti, huyu wimbo wa Kiingereza, huyu wa dini, huyu wa Diamond, ukiwasikiliza wote kwa pamoja unaweza ukadhani ni stendi ya mabasi. Wakambandika namba kifuani kwa pini. Aliingia saa tisa mchana, njaa ishamuuma mpaka imepoa, akaimba kama nusu dakika hivi wakamwambia inatosha, umepita. Alitoka anakimbia kiatu kimoja kimemvuka, hakurudi kukiokota, nikakiokota mimi.

Alipoingia kambini ndo nikaanza kuelewa mambo. Wiki ya kwanza kanipigia simu usiku, "Anko shikamoo, mtu wa bendi kaniuliza naimba ki gani, nimemjibu yoyote tu." Ki ni pale sauti ya wimbo inapokaa, juu au chini. Nikacheka alafu nikaumia. Mtoto anaimba toka darasa la tatu na hakuna mtu hata mmoja, mimi mwenyewe nikiwemo tena mimi ndo wa kulaumiwa kwanza, aliyewahi kukaa nae akamwambia sauti yako inakaa hapa. Kazoea biti za kwenye simu, anaimba wimbo wa mtu kwa ki ya yule yule mtu, ikiwa juu anapiga kelele, ikiwa chini anameza maneno. Nikamwambia mwambie ashushe nusu, kisha sikilizia kiitikio kama bado kinakukaba. Jumamosi yake majaji wakasimama. Mtaani ikawa mtoto ana kipaji cha ajabu, kumbe ni ki tu imeshushwa nusu, lakini nani atakuambia hayo kwenye TV?

Sasa hesabu na wewe Mhariri. Wiki tisa alizokaa kaimba nyimbo tisa, zote za watu. Nzuri, kazitendea haki, lakini za watu. Zile video zimepakiwa YouTube zinatazamwa kweli, yeye hapati hata mia, maana chaneli sio yake na wimbo sio wake, hata COSOTA, wale wa hakimiliki, ukiwaendea na malalamiko watakuuliza kazi uliyosajili ni ipi. Alipotoka kila akipanda bajaji dereva anamjua, anapigwa picha mpaka sokoni anaponunua nyanya, alafu mtu anamwambia dada hebu tuimbie ya kwako kidogo. Ya kwako! Anacheka tu anasema inakuja. Na kuna karatasi alisaini siku za mwanzo, kurasa nyingi, Kiingereza kitupu, walisaini wote kwa foleni huku wamebeba mabegi ya nguo. Ndani yake imeandikwa haruhusiwi kurekodi na mtu mwingine mwaka mzima bila ruhusa yao. Wao wenyewe hawakumrekodi. Akipiga simu anaambiwa subiri tunapanga, mpaka msimu mwingine ukaanza na sura mpya zikaja, na yule dereva wa bajaji ikawa anamuuliza dada mbona kama nakufananisha.

Hapo ndo mwandishi anakuja kuuliza yuko wapi.

Sisemi mashindano ni mabaya. Nimeyafuatilia toka zamani, Bongo Star Search nilikua siikosi, enzi za majaji Madam Rita, Master J na Salama Jabir, Salama akifungua mdomo nyumba nzima tunashika mbavu. Ila hata hapo kuna jambo, maana sisi watazamaji tulikua tunazikumbuka zaidi zile vurugu za usaili, mtu anaimba kama mlango usiotiwa mafuta, kuliko tunavyomkumbuka aliyeshinda. Muulize mtu yeyote hapo ofisini kwenu amtaje mshindi wa 2009. Watasema Peter Msechu. Hapana, alishinda Paschal Cassian, Msechu alikua wa pili, na mwaka uliofuata akaenda Tusker Project Fame, shindano la Afrika Mashariki, akawa wa pili tena nyuma ya Davis Ntare wa Uganda. Wa pili mara mbili, na ndo jina lililobaki midomoni mwa watu, kwa sababu baada ya pale aliendelea kutoa nyimbo zake na ule ucheshi wake watu wakampenda kama alivyo.

Hiyo Tusker Project Fame nayo ilikua na uzito wake, kijana anafungiwa akademi Nairobi, anafundishwa sauti, kila wiki anapanda jukwaani, zawadi ikafika shilingi milioni 5 za Kenya. Misimu sita: 2006 Valerie Kimani wa Kenya, 2008 Esther Nabaasa wa Uganda, 2009 Alpha Rwirangira wa Rwanda, 2010 huyo Davis, 2012 Ruth Matete wa Kenya, 2013 Hope Irakoze wa Burundi. Nimeyataja majina yote makusudi. Sasa niimbie wimbo mmoja mmoja wa kila mtu hapo. Utaweza wawili, labda watatu kama wewe ni mpenzi kweli kweli. Sio kwamba hawakua na uwezo, wale walikua wanaimba laivu na bendi bila kuyumba, wengi wa wanaotamba leo uwape ile maiki bila kompyuta ya kunyoosha sauti tuone.

Na kuna kitu nimekiona, sijui kama kuna mwingine kakiona. Mwaka 2012 Ruth Matete anashinda Nairobi, mwaka huo huo Walter Chilambo anashinda Bongo Star Search na milioni 50 zake. Wote wawili baadae wakaenda kwenye Injili. Wao watasema ni wito na siwezi kubishana na wito wa mtu, lakini kwa jicho la mpiga kinanda naona pia kwamba Injili ina mahali pa kumpokea mtu mwenye sauti. Kuna ibada, kuna mikesha, kuna kwaya, kuna watu wanaokuja wiki hii na wiki ijayo watakuja tena. Huku kwenye Bongo Fleva ukija na sauti peke yake unaulizwa meneja wako nani, prodyuza nani, video kapiga nani, redio anakujua nani.

Najua msomaji mmoja atasema mbona Marekani Kelly Clarkson alishinda American Idol 2002 na mpaka leo yupo. Ni kweli. Lakini nyuma yake kulikua na kampuni ya kurekodi, RCA, na foleni ya watu ambao kazi yao ni kutunga nyimbo. Au mchukue Leona Lewis wa Uingereza, alishinda X Factor Desemba 2006, albamu yake ikatoka Novemba 2007. Karibu mwaka mzima watu wazima wenye pesa wamekaa chini wanamchagulia nyimbo, kina Simon Cowell na Clive Davis! Mwaka mzima ule ule ambao mpwa wangu alikua anaambiwa subiri tunapanga. Tofauti ni kwamba kule walikua wanapanga kweli. Na hata huko kwao ushindi sio kila kitu, Jennifer Hudson kwenye American Idol 2004 alitolewa akiwa wa saba, 2007 akabeba Oscar. Kundi la One Direction walikua wa tatu X Factor 2010, nani leo anamkumbuka wa kwanza wao zaidi yao?

Hapa nyumbani pia tunayo mifano, tena bila hundi kubwa. THT (Tanzania House of Talent), nyumba ya vipaji ya marehemu Ruge Mutahaba, walitoka kina Mwasiti, Barnaba na Linah, walikua wanakaa na bendi, wanatunga, wanasahihishana, anayeimba leo kesho anamuitikia mwenzake. Na angalia Zuchu, WCB, lebo ya Diamond, wanamtambulisha Aprili 2020 anatoka na EP, yaani albamu fupi, ya nyimbo saba siku moja. Ni binti wa Khadija Kopa wa taarabu, sawa, damu ipo, lakini damu haiandiki nyimbo saba. Alisubirishwa ndani mpaka zikawepo. Kwenye TV tunafanya kinyume, tunamtoa mtu kwanza taifa zima limuone alafu ndo aanze kutafuta cha kuimba, na njaa ya watu haimsubiri, wiki mbili washageuka kwingine.

Kuhusu kura za SMS sitaongea sana, kila mtu anajua. Anapigiwa kura mkoa wake, ukoo wake, na hadithi yake ya maisha, kalelewa na bibi, kauza maji, sauti ya kinanda taratibu nyuma (mara nyingine ni mimi nimepiga hicho kinanda, nalipwa, sikatai). Mimi mwenyewe nilituma kura mpaka vocha ikaisha nikakopa ya jirani.

Ombi langu ni hili Mhariri. Mkimpata mshindi wa msimu ujao, kabla hata hajafuta machozi, muulizeni una nyimbo ngapi zako, na nani anakuandikia, na ule mkataba umemuonyesha mwanasheria au umesaini ukiwa umebeba begi. Akishindwa kujibu andikeni hivyo hivyo kwamba kashindwa kujibu, wala msimuonee huruma, waandaaji watasoma. Na wao waandaaji muwaulize kwa nini kuanzia katikati ya msimu kila mshiriki asipande walau mara moja na wimbo alioutunga mwenyewe au aliotungiwa, hata kama ni mbovu, tuuone ubovu mapema pale pale kwenye jukwaa lenye bendi nzuri na majaji wanaojua. Hizo milioni pia, kwa nini zote zimwagwe usiku mmoja kwenye akaunti ya mtoto wa miaka ishirini ambaye ndugu zake wanamsubiri nje ya ukumbi? Nusu mpeni mkononi, nusu walipeni studio na watunzi, nyimbo tano zikamilike kabla taa hazijazimwa. Nyie wenyewe nanyi, badala ya kusubiri mwaka upite muandike yuko wapi, nendeni mwezi wa tatu, mwezi wa sita, mkaone kinachoendelea. Mkikuta kakaa nyumbani anasubiri simu, hiyo nayo ni habari.

Mpwa wangu yupo, hajapotea, msije mkaandika. Mkataba wake umeisha mwezi uliopita. Jioni anakuja kwangu na daftari la shule lenye picha ya tembo kwenye jalada, ana kiitikio na beti moja, beti la pili analifuta kila siku analiandika upya mpaka karatasi imetoboka. Juzi nimempigia kodi (chords) za wimbo wake kwenye kinanda mwanzo mpaka mwisho, kaimba, kafika kwenye kiitikio akanyanyua mkono kunisimamisha, "Anko hapa shusha nusu."

Nimeshusha.

Ni mimi msomaji wenu,
Mpiga Kinanda,
Dar es Salaam.

NB: Mkiipunguza barua hii nafasi ikiwa ndogo, kateni ya Marekani na Uingereza, ile ya mkataba muiache.