Mbona hamsemi mliuliza watu wangapi?

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Mimi napika mahamri na mbaazi za nazi hapa Kisauni, na kila siku nasoma gazetini eti asilimia fulani ya watu wasema hivi au vile, sasa mbona hamtuambii mliuliza wangapi na mliwapata wapi?

Tazama nazi zangu. Anayeniletea aliapa wallahi mbovu hazizidi asilimia 10. Mimi na binti yangu wa chuo tukachagua 100 kutoka magunia yote, sio lile moja la chini lililoloa, tukavunja moja moja, nyengine maji yake yanuka mpaka jirani akafunga dirisha, tukapata mbovu 17. Jamaa akasema bahati mbaya tu mama. Binti akashika kalamu: haya, tuchukulie asema kweli, 0.1 ya mbovu mara 0.9 ya nzima, gawanya kwa nazi 100, tafuta kipeuo cha pili, yatoka 0.03, ndio kadiri ambavyo bahati huyumbisha hesabu. Sisi tumepata 0.17, tumezidi kwa 0.07, gawanya kwa hiyo 0.03, ni 2.33. Mpaka wa kusema hii si bahati tu ni 1.645, yaani wakubali kumsingizia mkweli mara 5 kati ya 100, na sisi tushaupita. Lakini lau tungevunja 10 tukapata mbovu 2 huwezi kumshika mtu shati, kwa nazi chache hivyo bahati tu yaweza kuleta hayo, ijapokuwa hiyo ni asilimia 20!

Na mkiuliza watu wa feri ya Likoni saa kumi na mbili asubuhi, hao si Mombasa nzima jamani.

Nazi sasa nachukua kwa mwengine.

Mama Mahamri, Kisauni